Nikianzia Huku, Nafika Wapi?

Katikati ya mwaka wa 2025 dada yangu alinipigia simu usiku, baada ya taarifa ya habari. Hata hakunisalimu vizuri. "Kaka, kesho upitie hapa uongee na huyu mtoto. Anasema anataka kusomea mambo ya stima."

Mtoto mwenyewe alikuwa Gredi ya 9. Yeye na wenzake ndio kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, huu tuliozoea kuuita CBC, na walikuwa wametakiwa kuchagua mkondo watakaoufuata katika sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya ule mkondo wa kwanza kuna sayansi zenyewe kama fizikia na kemia, na kuna masomo ya kiufundi kama umeme, ujenzi, useremala, kazi ya vyuma na umekanika. Mpwa wangu alikuwa amezisoma karatasi zote na kidole chake kikasimama kwenye umeme.

Nilipofika, chai ilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa akiinywa.

"Sikuuza mboga miaka kumi na miwili ili mtoto wangu apande nguzo," dada akasema.

"Mama, si kupanda nguzo tu."

"Ni kupanda nguzo. Tena wewe ni msichana."

Wakanigeukia wote wawili. Mimi ndiye mwalimu katika ukoo.

Hapa inabidi niungame jambo. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kila siku ya wazazi husimama mbele ya mahema nikawaambia wazee kwamba mikono nayo ina akili, kwamba nchi hujengwa na mafundi, kwamba kazi ni kazi. Hupigiwa makofi. Lakini kijana wangu mwenyewe alipomaliza kidato cha nne akasema angependa umekanika, nilicheka. Nilimwambia asome kwanza, atatengeneza gari lake akishalinunua. Kumbe "kazi ni kazi" ilikuwa hotuba ya watoto wa watu.

Kwa hiyo siku ile nilinyamaza kidogo, nikimtafutia mpwa wangu maneno. Ni yeye aliyenitangulia.

"Anko, nikianzia huku, naweza kufika wapi?"

"Mbali," nikasema.

"Mbali wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali hilo halijaniachia, na nimeanza kuamini kwamba ndilo swali lenyewe la maadili katika habari hii yote ya elimu ya ufundi. Sisi hudhani swali ni kama kazi ya mikono ina heshima. Sote tutajibu kwamba inayo, maana jibu hilo halitugharimu chochote. Alichouliza mtoto ni kigumu zaidi: mkinishauri niingie njia hii, mmeijenga hadi wapi?

Baba yangu alikuwa seremala. Alijifunza kwa Mhindi mmoja mjini, kwa kushika mbao na kutumwa chai, baadaye akafanya mtihani wa serikali wa mafundi, ule wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Alifika gredi ya pili. Vyeti vyake viwili alivitia kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe, na juu yake akaandika kwa rangi nyeupe: ELIMU HAINA MWISHO.

Mimi nilisoma shule ya msingi chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985 kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay. Ulikuja na ahadi tamu: mtoto atatoka darasa la nane akiwa na ujuzi wa kujitegemea. Tulifundishwa useremala, ushonaji, kilimo na upishi. Shule yetu haikuwa na karakana wala randa. Mwalimu aliagiza kila mtoto alete kigoda, na wazazi wakamiminika kwa baba yangu kununua vigoda vya mtihani. Aliuza vingi muhula ule. Changu pia alinitengenezea yeye. Mwalimu, ambaye hakuwahi kushika msumeno, alikipa alama kumi na moja kwa ishirini. Baba alicheka hadi akakaa chini. Fundi wa gredi ya pili alikuwa ameanguka ufundi wa darasa la saba.

Sasa naona kwamba kile kigoda kilikuwa na funzo zaidi ya kichekesho. Somo lile halikuunganishwa na kitu chochote. Nyuma yake hapakuwa na mafundi, na mbele yake hapakuwa na chuo kilichouliza mtoto amejifunza nini kwenye useremala. Mwishowe mzigo ulionekana kuwa mkubwa, masomo yale yakapunguzwa, na hakuna aliyeyalilia.

Baba naye, miaka ile ile, aliomba kazi ya kufundisha katika chuo kimoja cha ufundi. Walimwona anavyofanya kazi, wakampenda. Kisha wakamuuliza cheti cha kidato cha nne. Hakuwa nacho. Wakamchukua kama msaidizi wa karakana. Kwa miaka sita aliwafundisha vijana kuunganisha mbao, na wawili kati yao walirudi na diploma wakawa wakubwa wake. Hakuwachukia. Alichosema mara moja tu, tukila, ni hiki: "Mimi niliambiwa elimu haina mwisho. Yangu ilikuwa na ukuta."

Watu husema wazazi wa Kenya hudharau ufundi kwa sababu ya ujinga au majivuno. Mimi sikubali. Dada yangu si mjinga. Anachokifanya ni kukumbuka.

Wakati wa ukoloni, elimu ya ufundi ililetwa kwa Mwafrika kama kipimo chake. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka wa 1924, ilisisitiza elimu ya kilimo, ufundi na usafi, iliyodaiwa kuwa ndiyo inayomfaa. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa mazuri kwa yenyewe. Tatizo ni kwamba mtoto wa mlowezi hakupewa ushauri huo huo. Wazee wetu walielewa upesi: elimu inayosifiwa kwa ajili yako na kufichwa kwa watoto wa anayeisifu, hiyo ni uzio. Shule za kujitegemea zilizoibuka Kati miaka ya 1920 na 1930 zilidai Kiingereza na vitabu, na hawakuwa wamekosea kusoma dalili. Aliyejua kuandika barua ndiye aliyekaa karibu na mshahara.

Mwaka wa 1965 msomi mmoja, Philip Foster, aliandika kuhusu Ghana jambo ambalo lingeweza kuandikwa kuhusu Kakamega au Machakos. Alisema wanafunzi waliozikwepa shule za ufundi hawakuwa wamepotoka akili. Walitazama ajira na mishahara, wakaona kwamba elimu ya vitabu ndiyo iliyokuwa elimu ya kazi hasa, kwa kuwa ndiyo iliyofungua kazi zenye malipo. Kubadilisha mtaala bila kubadilisha yanayomngoja mwanafunzi nje ya lango ni kazi bure.

Kwa hiyo dada yangu aliposema "kupanda nguzo", hakuwa akitukana mafundi wa stima. Alikuwa akiuliza swali lile lile la binti yake kwa sauti ya hasira.

Mtu atasema: lakini mambo yamebadilika. Ni kweli, tena si kidogo. Sheria ya mwaka wa 2014 ilileta mfumo wa kitaifa wa kupanga vyeti katika ngazi kumi, ili cheti cha fundi na digrii ya mhandisi visimame kwenye ngazi moja, kimoja chini, kingine juu. Anayetoka kidato cha nne bila C+ ya kumpeleka chuo kikuu anaweza kuingia chuo cha kiufundi kwa diploma, kwa cheti, au kwa kozi ya ufundi stadi ambayo haimkatai hata aliyepata E. Kwenye karatasi mtu anaweza kuanza chini kabisa na kupanda hadi juu. Miaka ya karibuni umeanza pia mpango wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Ungemfaa sana baba yangu.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu nimewaona wanaopanda. Mwanafunzi wangu mmoja alianza na cheti cha umeme, akafanya diploma, akafanya kazi miaka minne, kisha akaenda chuo kikuu kuomba digrii. Aliambiwa aanze mwaka wa kwanza. Yote aliyosoma na yote aliyoyafanya hayakuhesabiwa, akaketi darasani akifundishwa kusoma mita ya stima na kijana aliyempita kwa miaka miwili tu. Pesa zilimwishia mwaka wa pili. Hakuna aliyemfungia mlango. Aliambiwa tu apande ngazi ambayo kila akifika katikati anarudishwa chini.

Tazama pia namna tunavyoonyesha heshima. Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilikuwa zimetoa mafundi na mafundi-sanifu kwa miongo mingi. Mwaka wa 2007 zikageuzwa vyuo vikuu vishiriki, na mwaka wa 2013 zikawa vyuo vikuu kamili vya kiufundi. Sina ugomvi na digrii zao. Lakini ni kama tulikuwa tumemwona fundi hodari, na zawadi tuliyoweza kumfikiria ilikuwa kumvalisha suti ili asionekane tena kuwa fundi.

Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, mchomeleaji wa milango na madirisha, huwa ananikatiza. Nilimsimulia habari hizi akiwa ameinua miwani yake nyeusi kwenye paji la uso.

"Mwalimu, nyinyi mna shida. Kwa nini kila njia lazima iishie chuo kikuu? Mimi nalipa karo ya watoto watatu. Wewe una digrii na mwezi wa pili ulinikopa."

Ni kweli nilimkopa. Na hoja yake ni nzito kuliko lile deni. Tukisema elimu ya ufundi ina thamani kwa sababu inaweza kumpeleka mtu kwenye digrii, si tumeitukana tena? Tumesema fundi ni mhandisi ambaye hajafika. Kazi nzuri inatosha yenyewe. Mlango uliopigwa sawasawa hauhitaji kuwa hatua ya kuelekea kitu kingine.

Nilikubaliana naye kwa siku kadhaa. Kisha nikamuuliza kama angependa kurudi kusoma. Akasema hapana. Nikamuuliza atachomelea hadi lini. Akatazama mikono yake, halafu akanyoosha mgongo kama mtu anayeujaribu.

"Macho yameanza," akasema. "Digrii sitaki. Nataka tu siku mwili ukikataa, kuwe na mahali pa kwenda. Nifundishe vijana, nikague kazi, sijui. Lakini nikienda huko wataniuliza karatasi."

Nadhani jibu la pingamizi lake alilitoa yeye mwenyewe. Ngazi haihitajiki ili kila mtu apande. Inahitajika ili aliyebaki chini awe amebaki kwa kupenda. Seremala anayeweza kwenda chuoni na haendi, kwa sababu anapenda mbao, ni mtu huru. Seremala asiyeweza kwenda hata akitaka, huyo tumemfungia, na kumpigia makofi siku ya wazazi hakumfungulii. Mikono yao inaweza kuwa inafanya kazi ile ile, kwa ustadi ule ule. Tofauti iko kwenye hali ya mtu mwenyewe, na hali hiyo tumeitengeneza sisi.

Na mwili huchoka. Jambo hili sisi wa kalamu hulisahau. Mwalimu wa miaka hamsini na mitano bado anafundisha. Mwashi wa miaka hamsini na mitano anapandisha matofali ghorofa ya nne. Njia ya ufundi isiyo na kituo kinachofuata haimzuii mtu tu kuwa mkubwa. Humngoja azeeke.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la deni. Mtu mzima akichagua njia mbaya, tunaweza kusema ni shauri yake. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anachagua kwa sababu sisi tumemtaka achague. Serikali imesema ingependa asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wawe katika sayansi na teknolojia. Sawa, ni mpango wa nchi. Ila ukimwomba mtoto auingie mpango wako kabla hajajijua vizuri, umemwahidi kitu hata kama hukutamka, na ahadi ni deni. Umemwahidi kwamba alichojifunza karakanani kitahesabiwa mahali anapokwenda. Umemwahidi kwamba akigundua amekosea ataweza kugeuka bila kuanza maisha upya. Na umemwahidi kwamba wewe unayemshauri ungemshauri mwanao vivyo hivyo.

Wapo waliojaribu kulipa deni kama hilo. Uswisi, karibu theluthi mbili ya vijana huingia mafunzo ya kazi baada ya shule ya lazima, wakigawanya wiki kati ya kiwanda au ofisi na darasa. Tangu mwaka wa 1994 kuna cheti maalumu ambacho mwanagenzi anaweza kukipata na kuingia nacho vyuo vikuu vya sayansi tumizi, bila kurudi kidato. Si kwamba Waswisi wanapenda mafundi kuliko sisi. Waajiri wao hulipa mwanagenzi na hukaa mezani mtaala ukiandikwa. Hatuwezi kuinakili nchi ya viwanda tukaibandika kwenye nchi ambayo wengi wa mafundi wake wako jua kali. Hata hivyo lipo la kujifunza: fundi wa Kamukunji anayefua masanduku na karai mbele ya macho ya wateja ni mwajiri na mwalimu tayari, na bado hatujawahi kumwita mezani.

Yapo mambo madogo yasiyongoja tume nyingine. Shule inayofundisha umeme na chuo cha ufundi kilicho kilomita tatu kutoka hapo vinaweza kuandikiana makubaliano: mwanafunzi akifaulu hili na hili hapa, hatalirudia kule. Chuo kikuu kinaweza kuchapisha wazi ni masomo gani ya diploma kinayahesabu, badala ya kumwacha kila mwombaji akapige magoti ofisini. Na mwalimu kama mimi anaweza kuacha hotuba na kuanza kuuliza maswali kwa niaba ya watoto.

Hilo la mwisho nimejaribu. Siku ile kwa dada sikumwambia mpwa wangu achague wala aache. Nilimwambia nitaenda kumuulizia, na mama yake akakubali kungoja. Nilitembelea vyuo viwili nikiwa na karatasi yenye maswali matano. Cha kwanza walinijibu manne, mwanamke mmoja ofisini hata akanichorea njia nzima kwa kalamu, kutoka cheti hadi diploma. Cha pili nilizungushwa ofisi tatu, na katika ya tatu nikaulizwa mimi ni nani wa mtoto.

Dada aliiona karatasi ile, akaisoma mara mbili. "Kumbe kuna kitu," akasema. Hakusema amekubali. Aliweka sahihi.

Mtoto aliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Siku ya kumtembelea alinipeleka karakanani kwao. Kuna ubao wa mbao ambao wanafunzi wamefunga soketi, swichi na balbu, na mita tatu za kupimia stima kwa darasa la watu arobaini na kitu. Alinionyesha saketi aliyoiunganisha mwenyewe, akabonyeza swichi, balbu ikawaka, akanitazama kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Nilimkumbuka babu yake.

Tulipokuwa tukirudi getini akauliza, "Anko, lile swali la tano walijibu?"

Swali la tano lilikuwa hili: akimaliza diploma, akienda chuo kikuu, ataanzia mwaka gani?

"Bado," nikamwambia. "Nitarudi."

Karatasi hiyo iko kwenye droo yangu, na nafasi chini ya swali la tano ni nyeupe. Siku ya wazazi imekaribia na nimeombwa nizungumze tena. Nafikiria kwenda nayo nikaisome kama ilivyo, na nafasi yake tupu.